GUNZI NA HADINA: Kalamu zinapopikwa Mlalo

Hebu toa kalamu yako mfukoni uitazame kidogo. Nina hakika ni ile ile ya plastiki, wino wa bluu, ambayo ukimwazima mtu benki ndiyo basi tena, mmeagana. Wino ukikatika inakwenda jalalani na hakuna anayeuliza habari zake. Haina kwao. Sasa leo nawaletea habari za kalamu zenye kwao, tena kwao kwenyewe ni kule ambako wengi wetu wa mjini tunakujua kwa viazi, kabichi na mapeasi tu: Mlalo, Lushoto.

Ukishuka Mombo kwenye barabara kuu ya kwenda Arusha, unaanza kupanda. Unapita Soni, unafika Lushoto mjini, halafu kama tumbo lako bado liko mahali pake unaongeza kona nyingine za kilomita kama 30 kuelekea kaskazini. Nyumba za zamani za Mlalo ni za udongo, lakini za ghorofa, zina baraza za juu na urembo wa mbao uliokatwa kwa msumeno mwembamba, utadhani mtu alikuwa anafuma kitambaa. Misheni ya Wajerumani ilianza pale mwaka 1891, wao wakapaita Hohenfriedeberg, jina ambalo ukilitamka mara tatu unahitaji maji ya kunywa. Ninachotaka kusema ni kwamba watu wa pale na mbao ni ndugu wa siku nyingi.

Kijana niliyemfuata ana miaka 22. Jina lake tuliache, maana mwenyewe hapendi makuu. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, akayatazama, akaenda kwa mjomba wake mwenye mashine ya kukerezea. Mjomba ni fundi wa miguu ya vitanda na vifimbo vya ngazi. Zamani ilikuwa kazi yenye heshima, harusi haikamiliki bila kitanda cha kukereza. Siku hizi vitanda vya chuma na vile vya mbao za kubandika vimeingia mpaka vijijini, oda zimekonda, na kijana alikuwa ameanza kuhesabu nauli ya Dar. Akauze nini huko? Hata yeye hakujua. Soksi, labda.

Kilichomzuia ni kalamu. Mzungu mmoja aliyepita kutembea milima alitia sahihi kwenye kitabu cha wageni kwa kalamu iliyokerezwa, nusu mbao nusu kitu kama kioo cha rangi. Kijana akaiomba aishike. Akaigeuza geuza, akaona alama ndogo za patasi, akajua hapo hapo kwamba mashine ya mjomba inaweza kazi ile. Tatizo lilikuwa kile kioo. Mbao anazijua. Kioo kile akaambiwa ni resini, na ya kwake mzungu alijimiminia mwenyewe, nyumbani, kwenye kikopo.

Akauza mbuzi.

UTOMVU NI WA KWETU

Kabla hatujamcheka na mbuzi wake, tukumbushane jambo. Hii biashara ya utomvu unaoganda ukang'aa siyo ngeni kwetu. Karne ya 19 pwani yetu ilikuwa inachimba sandarusi ardhini, utomvu wa miti wa zamani uliokuwa umegeuka kama jiwe. Ilikwenda Zanzibar, kisha ikavuka bahari hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi ya hali ya juu. Baadaye Leo Baekeland akatengeneza bakelaiti mwaka 1907, plastiki ya kwanza iliyopikwa kabisa na binadamu, na taratibu viwanda vikahamia kwenye resini za kemia. Hizo ndizo zinazotengeneza boti za faiba unazoziona Tanga na Zanzibar, na ndizo zinazoziba bodi za magari gereji.

Na mbao je? Juu kidogo ya Mlalo kuna Shume. Mkoloni Mjerumani alipaita Neu-Hornow, na kabla ya vita ya 1914 kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa na njia ya waya inayoning'inia, kama kilomita 9, ikiteremsha magogo kutoka kule mlimani hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Magogo yenyewe yalikuwa ya mwerezi. Katika biashara ya dunia mti huo unajulikana kama mwerezi wa penseli, kwa sababu unachongeka kirahisi na viwanda vya penseli viliupenda mno. Yaani babu zetu walitazama penseli zikipita angani juu ya vichwa vyao, zikiwa bado magogo.

Kwa hiyo mtu wa Mlalo akitengeneza kitu cha kuandikia kwa ajili yake mwenyewe, mimi naona ni zamu yake tu imefika.

Ila msinielewe vibaya. Sisemi mtu aingie msituni Magamba na shoka. Ile ni hifadhi, ukikamatwa na gogo la mwerezi hutapata muda wa kutengeneza kalamu. Na uzuri wa kazi hii ni kwamba haihitaji gogo. Kijiti kimoja, yaani kile kipande cha mraba kabla hakijakerezwa, ni sentimita 2 kwa 2, urefu 13. Hicho kinapatikana kwenye mabaki yanayopelekwa jikoni kuchemshia maharage. Matawi ya mipeasi yanayokatwa shambani ni mbao laini mno kwa kukereza. Shina la mbuni uliong'olewa nalo ni zuri. Fremu ya dirisha iliyobomolewa ni bora kuliko zote, imekauka miaka hamsini.

Nitawapa mfano wa watu waliofanya hesabu hizo mapema. Mwaka 1996 marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Moshi, aliungana na James Harris, fundi wa kukereza wa Texas, wakaanzisha mradi wa kupanda mipingo. Harris alikuwa anakereza mpingo wetu huko kwao, akapata wasiwasi kwamba ipo siku utaisha. Mkerezaji anayewaza mche kabla ya patasi, huyo ndiye mkerezaji.

HADINA SIYO SUKARI

Sasa turudi kwa kijana wetu na chupa zake. Mshiko wa mbuzi ulimpatia epoksi: lita 1 ya resini na nusu lita ya hadina. Kwenye chupa imeandikwa wazi, mbili kwa moja. Kabla hajamimina akaomba ushauri kwa fundi mmoja wa kunyoosha bodi za magari, mtu mzima, anayeheshimika, mikono imejaa rangi. Fundi akamwambia: "Huku kwetu baridi kijana wangu, ongeza hadina ndiyo itakauka."

Hapo ndipo mbuzi alipoanza kulia.

Sikilizeni, maana hili ndilo linalowaliza wengi, na halijaandikwa kwenye kopo lolote kwa Kiswahili. Resini ziko za aina mbili kubwa mitaani, na sheria zao ni tofauti kabisa. Ile ya gereji na ya boti ni poliesta. Ile hadina yake ni kichochezi tu, inawekwa kidogo, asilimia 1 hadi 2. Ukiongeza kidogo inawahi kuganda, ukizidisha inachemka na kupasuka. Fundi wa gereji alikuwa sahihi kwa kazi yake. Lakini epoksi siyo hivyo. Kwenye epoksi resini na hadina vinashikana mkono kwa mkono, kila mmoja na mwenzake. Ukizidisha hadina, inayobaki bila mwenza inakaa humo humo, na kijiti chako kinabaki laini kama jojo, leo, kesho na mtondogoo. Siyo chai ya rangi hii kwamba utaonja uongeze sukari.

Kijana alichanganya sawa kwa sawa. Vijiti 8 vya resini tupu, vya rangi ya bluu, usipime kwa uzuri. Kijiti kimoja kinakula mililita 52 (piga 2 kwa 2 kwa 13 utaona), kwa hiyo vinane ni 416. Wiki ya kwanza vinanata. Wiki ya pili vinanata. Na hasara ilikuwa mara mbili, kwa sababu alikula hadina nyingi kuliko haki yake: ilipobaki mililita 292, resini ilikuwa 792. Ukigawa mbili kwa moja, resini 208 imebaki yatima, haina hadina wa kuioa. Mjomba, ambaye alikuwa kimya siku zote hizo, aliuliza swali moja tu: "Mbuzi yule alikuwa na mimba au hakuwa nayo?"

Nilipokaa nao barazani nikamsalimia mzee, "Shikamoo mjomba," akaitika marahaba, halafu akaniambia mimi kana kwamba mpwa wake hayupo: "Mwambie mwenzio, kazi ya kukereza ni kupima. Mguu wa kitanda ukikosea nusu inchi, kitanda kinacheza. Sasa yeye kapima kwa maneno ya mtu." Kijana akatazama chini. Nami nikatazama milima, maana mzee alikuwa amemaliza.

GUNZI LAINGIA ULINGONI

Raundi ya pili ilikuwa ya mtu aliyechacha, na mara nyingi aliyechacha ndiye anayefikiri. Resini ni ghali, basi ajaze kijiti kwa kitu cha bure. Na Mlalo kitu cha bure ni gunzi. Ndiyo, gunzi la mahindi! Wakerezaji wa Marekani wanalijua siku nyingi: ukilizamisha kwenye resini halafu ukalikereza, yale matundu ya punje yanatokea kama sega la asali lililojaa kioo. Pia wanatumia yale matunda magumu ya mipaini, yenye magamba, ambayo mashamba ya Shume yanaangusha kila siku na watoto wanayapiga mateke. Gunzi linachukua karibu nusu ya nafasi. Kijiti cha mililita 52 sasa kinakula kama 26.

Lakini gunzi lenye unyevu ni kimeo. Maji yakikutana na resini, unapata mapovu na ukungu, na ile resini ya poliyurethani ndiyo haitaki kabisa, inaumuka kama andazi. Milima ya Usambara nayo kwa ukungu hatuna mpinzani. Akachukua magunzi ya darini, juu ya jiko la bibi yake, yaliyokaushwa na moshi mwaka mzima. Kisha akawa anayapeleka dukani kwenye mizani kila asubuhi. Gunzi likipungua uzito, bado lina maji. Likikaa siku tatu halipungui, limekauka. Mwenye duka alidhani kijana amerukwa na akili.

Kibumba cha kumiminia alikitengeneza kwa dumu la mafuta ya kula. Hii ni akili bomba, kwa sababu plastiki ya dumu haishikwi na epoksi. Ukikunja kona kidogo kijiti kinaruka chenyewe. Kupimia akatumia mabomba ya sindano ya duka la dawa, moja la resini, moja la hadina, wala hayabadilishani. Chupa ya resini akaiweka kwanza kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu, ikawa nyepesi, mapovu yakapata njia ya kutoka. Akakoroga taratibu dakika kadhaa huku akikwangua pembeni na chini ya kikopo. Gunzi akalipaka resini kidogo kwanza, likatoa pumzi zake, ndipo akamimina kwa uzi mwembamba kama mtu anayemimina asali asiyotaka imwagike.

Halafu baridi. Usiku wa Julai kule siyo wa mchezo, na epoksi kwenye baridi inalala usingizi. Tena hewa ikiwa na unyevu inatoa utando wa mafuta mafuta juu, ambao usipouosha kwa maji ya vuguvugu hakuna gundi itakayoshika hapo. Dawa yake aliipata bandani kwa kuku: boksi la kulelea vifaranga. Balbu moja ya kizamani, ile inayotoa joto, siyo hizi za LED, na blanketi juu lisilogusa balbu. Vijiti 12 vikaatamiwa siku tatu.

Siku ya nne vilikuwa vigumu. Ukigonga viwili vinalia kama vigae.

Kazi ya mashine nayo ina mambo yake. Keekee ya milimita 7 inaingia taratibu, unaitoa kila mara ipoe, kwa sababu resini ikipata moto inalainika na kubana au inapasuka. Kwenye gunzi ile keekee inaondoa ule moyo laini wa katikati, kwa hiyo hupotezi kitu. Ndani unaingiza bomba la shaba ya njano. Seti za kalamu za kigeni ni ghali kuliko kalamu yenyewe, basi yeye anakata antena za redio mbovu, zile za kuvuta, ambazo chini ya ule mng'aro ni shaba. Na kuna ujanja mdogo: tundu la kijiti lipake rangi nyeusi kwanza, la sivyo resini angavu itaonyesha antena yote. Kisha patasi kali, mkono mwepesi. Resini nzuri inatoka kama tambi ndefu inayojisokota kwenye shingo ya mashine. Baada ya hapo msasa wa maji, namba 400 hadi 2000, na mwisho polishi ya gari. Wino? Unatolewa kwenye ile kalamu ya plastiki tuliyoitukana mwanzoni. Kumbe nayo ina kazi.

MACHO HAYAKEREZWI

Hapa naomba wale wanaotaka kujaribu wasome mara mbili. Epoksi ikigusa ngozi kila siku, ipo siku ngozi itakataa na utawashwa maisha yako yote, vaa glavu. Vumbi lake lisikuingie kifuani, vaa barakoa, loweka msasa. Miwani wakati wa kukereza haina mjadala.

Poliesta ndiyo noma zaidi. Harufu yake kali ni ya kemikali inayoshika moto, kwa hiyo jiko la mkaa na sigara vikae mbali, na usiimimine chumbani unakolala na wadogo zako. Hadina yake ya maji maji, tone moja likiingia jichoni linaweza kuondoka na jicho. Ikitokea, osha kwa maji mengi yasiyopungua dakika 15, kisha hospitali, usisubiri kesho. Na ile dawa ya zambarau ya kobalti inayouzwa pembeni kwa ajili ya kuharakisha, kamwe isikutane na hadina moja kwa moja. Inalipuka. Inachanganywa kwenye resini kwanza, ndipo hadina baadaye.

Kuna washkaji wanaosikia kwamba wenzetu wanaweka vijiti ndani ya chungu cha hewa ya msukumo ili mapovu yasinyae. Ni kweli, wanatumia pauni 40 hadi 60. Lakini sufuria ya presha ya maza jikoni imetengenezwa kwa kama 15. Ukiisukumia 50 umetengeneza bomu lenye mpini. Achana nalo. Epoksi ya polepole, ya vuguvugu, inatosha bila chungu.

HESABU ZA KIJANA

Kati ya vijiti 12, kimoja kilipasuka kwenye keekee, viwili vilikuwa na mapovu makubwa kama macho ya chura. Tisa vikawa kalamu. Nimezishika zote. Ya gunzi iliyopikwa na rangi nyekundu ndiyo iliyoniua, ile ya mpaini inapendeza lakini nzito kidogo kwa mkono wangu, na moja ya mpeasi nusu kwa nusu ningeinunua kama mfuko wangu ungekuwa na adabu.

Alipofika kupanga bei alitaka kukimbilia bei za watalii. Mjomba akamzuia. Akamwambia auze moja kwa bei ya miguu miwili ya kitanda, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya siku ileile na mashine ileile. Kwa bei hiyo walimu wawili wamenunua, mmoja ameagiza ya tatu yenye herufi za jina la mkewe. Mimi naona mzee amepatia. Mtalii anakuja na kuondoka, na mvua ikinyesha haji kabisa. Mwalimu yupo pale kila asubuhi, na anaandika.

Mbuzi bado hajarudi, tusidanganyane. Zimebaki mililita 564 zenye hadina wao, karibu vijiti 21 vya gunzi. Vikitoka vyote salama mbuzi anarudi na mtoto wake. Vikiharibika, kijana ameniambia wazi kwamba nauli ya Dar anajua pa kuikopa. Mjomba kwa upande wake amemwachia mashine kuanzia saa tisa mchana hadi giza, na miguu ya vitanda asubuhi kama kawaida.

Resini yatima, zile mililita 208, ameziba vizuri na kuweka mahali pakavu mpaka apate hadina ya chapa ileile. Ya chapa nyingine hataki kusikia. Kinachomsumbua sasa ni antena: redio mbovu za Mlalo zimekwisha, ameanza kuwatazama vibaya wenye redio nzima. Kwa hiyo wewe msomaji wa Tanga, Korogwe au Dar, kama una redio iliyokufa juu ya kabati, usiitupe. Mpe mtu anayepanda Lushoto, ashuke nayo Mlalo aulize penye mashine ya kukerezea miguu ya vitanda. Ataonyeshwa.